Upande wa Saa Tatu

Nilipomfahamu, alikuwa akishona sare za karibu nusu ya watoto wa shule wa Mpanda mjini, na sikumbuki hata moja iliyokuwa tayari siku aliyoahidi. "Njoo Ijumaa," aliwaambia wateja wote, hata kama siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Mteja akija juu, alimvutia kiti, akamuuliza hali za watoto mmoja mmoja kwa majina, na baada ya robo saa mteja yule aliondoka mikono mitupu huku akiaga vizuri. Nilishuhudia hayo kwa miaka minne kutoka chumba cha uani, maana nilikuwa mpangaji wake pale mtaa wa Shanwe. Kila mtu alimwita Fundi, nami nikamwita Fundi. Nikiwa na shida, kama kuazima pasi ya mkaa, nilimwita Mayu, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kisukuma. Yeye aliniita Mwalimu, kwa kuwa nilifundisha shule ya msingi, na kila tulipokutana alinisalimia "Mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, hata ikiwa saa kumi jioni. Nilimrekebisha mara mbili tatu. Alikuwa anajua. Alipenda tu kuona ninavyorekebisha.

Watu walimjua kwa sare na magauni ya komunyo ya kwanza. Mimi nilimjua kwa vita.

Kila Jumapili, baada ya misa ya pili na chakula cha mchana, alifunga mlango wa mbele wa kibanda chake, akaondoa mikasi na mabaki ya vitambaa juu ya meza kubwa ya kukatia, akatandika kitambaa cheusi chenye vidoa vyeupe, na juu yake tukapanga meli. Hazikuwa meli za majini. Zilikuwa za kusafiri kati ya nyota, vitu vya madini mazito, vidogo kuliko kidole gumba, kila kimoja kimesimama juu ya kijiti chake.

Aliyemletea mchezo huo alikuwa Mzungu mmoja wa kujitolea, mwalimu wa useremala. Siku moja alifika kibandani na karatasi ya vipimo: kitambaa cheusi, futi sita kwa nne, kipigwe pindo pande zote, kisha kinyunyiziwe rangi nyeupe kwa mswaki. Fundi alimwangalia akamwambia pole sana, akidhani amefiwa. Mzungu ikabidi aeleze. Alikuwa amecheza vita vile kwao tangu ujana, na hapa Mpanda hakuwa na wa kucheza naye.

"Mtu mzima anacheza peke yake," Fundi aliniambia. "Anahama upande huu wa meza anakwenda upande ule, anajiandikia amri, anajificha mwenyewe. Nikasema huyu atachanganyikiwa. Nikakaa."

Alikaa mpaka mkataba wa yule Mzungu ulipokwisha. Alipoondoka alimwachia meli zote na sheria za mchezo, karatasi za Kiingereza zilizobanwa kwa pini, zingine zimefifia kiasi kwamba maneno yalikuwa kama vivuli. Fundi aliishia darasa la saba. Alisoma kwa kidole, na alipokwama alinibishia mlango. Ndivyo nilivyoingia.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Kila mmoja ana kundi lake la meli. Kila zamu, nyote mnaandika kwa siri kwenye kikaratasi kila meli itakwenda inchi ngapi na itageukia wapi, kisha mnafunua kwa pamoja na kuzisogeza kwa futi ya kushonea. Ukishaandika hubadilishi. Na meli haisimami. Mwendo iliokuja nao inaendelea nao, unaweza tu kuuongeza au kuupunguza kidogo. Zikishatulia mnapigana kwa dadu. Lakini si kila bunduki inapiga kila mahali. Nyingine ni ya mbele tu, nyingine ya ubavuni, na nyuma hakuna inayopiga kabisa, maana huko ndiko moto wa injini unakotokea. Kwa hiyo kazi yote ni moja: kumweka mwenzako mahali unapoweza kumpiga na yeye hawezi kukupiga.

Zile karatasi za sheria ziligawa maeneo hayo kwa nyuzi sitini sitini. Mimi nilileta protrakta ya shuleni. Fundi aliiangalia akairudisha kwangu.

"Hii ni sketi ya pande sita," alisema.

Akachukua boksi la sabuni, akakata duara, akaligawa kwa chaki vipande sita bila kupima chochote, akatoboa tundu katikati la kupitisha kijiti cha meli. Nilipima baadaye nikiwa peke yangu. Vipande vyote vilikuwa sawa. Na kwa kuwa sheria zilitaja mielekeo kwa saa, alikataa kufuata saa za Kizungu. Kwake mshale ukielekea juu kabisa ni saa sita. Kwa hiyo mbele ya meli kulikuwa saa sita, kulia saa tisa, nyuma saa kumi na mbili, na kushoto saa tatu. Alisema yule Mzungu alihangaika na saa hizo mpaka siku ya mwisho.

Miezi ya kwanza alinipiga bila huruma. Mimi nilijaza nguvu mbele. Niliamini meli nyingi zikienda kwa kasi, bunduki zote za mbele zikielekea saa sita, hakuna wa kuzizuia. Yeye alipunguza mwendo, akajigawa pande mbili, akaniacha nipite katikati, kisha akageuka na kukaa nyuma yangu.

"Nyie Wasukuma mnaswaga tu," alisema. "Mnafungua zizi, mnasema twende. Kugeuza hamjui."

Akachukua chaki akaweka alama tatu kwenye kitambaa, mbele ya meli yangu kubwa. "Umeingia kwa inchi kumi na mbili. Zamu ijayo lazima uwe hapa, au hapa, au hapa. Kwingine huwezi kufika hata ukilia. Sasa mimi nikufukuze wa nini? Nakusubiri."

Mambo mengine alinifundisha kwa kunipiga tu. Kwamba meli mbili zitembee pamoja kwa namna ambayo mgongo wa moja uko mbele ya bunduki za nyingine. Kwamba usitawanye risasi. "Ukiwachubua watano, watano wote watakurudishia," alisema. "Maliza mmoja." Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyotumia kumwambia mteja kwamba lesi hii haifai kwa mwili wake.

Sikumwelewa mtu huyu upesi. Kuku wa nyumbani hakuweza kumchinja; aliniita mimi, akaingia ndani na kufunga mlango mpaka nimalize. Mezani aliweza kuipeleka meli yake ndogo ife ili kubwa ipate nafasi ya kugeuka, na aliiondoa mezani bila kuitazama. Alidanganya wateja kuhusu Ijumaa kila siku ya Mungu, lakini sikuwahi kumwona akisogeza meli robo inchi zaidi ya alivyoandika. Mimi niliwahi. Alichukua futi, akaipima upya safari ya meli yangu, akairudisha mahali pake, na tukaendelea. Niliona aibu wiki nzima.

Jumapili moja tu alicheza kwa hasira. Kaka yake alilima mpunga bondeni Usevya, na habari zilifika kwamba ng'ombe wa wahamiaji wameingia shambani wakati mpunga unachanua. Wazazi wangu mimi ni hao wahamiaji. Walishuka kule bondeni na mifugo yao nikiwa mdogo. Alitandika kitambaa bila kunisalimia.

"Ng'ombe wenu wamekula shamba la kaka yangu," alisema.

"Mimi sina ng'ombe hata mmoja, Mayu."

"Najua huna."

Tulicheza. Alinimaliza kwa zamu nne. Kisha akaenda jikoni akarudi na sahani ya wali, akaiweka mbele yangu, akaketi kunitazama nikila. "Huu ni wa mwaka jana," alisema. "Wa mwaka huu sijui." Sikuwa na uwezo wa kufanya lolote kwa shamba lile. Nilikula wali wote.

Mabadiliko yalianza masika ya mwaka wangu wa tatu pale. Siku hiyo nilipitisha meli zangu mbili ndogo mbali kabisa, kandokando ya meza, upande wake wa kushoto. Haikuwa akili, nilikuwa nazikimbiza zisife. Tulipofunua vikaratasi, Fundi alikuwa ameigeuza meli yake kubwa kuelekea kulia, na mgongo wake wote ulikuwa wazi mbele ya zile mbili. Nilisita. Nilijua ni mtego. Nilitafuta mtego ulipo sikuuona. Nikapiga, dadu zikanikubali, meli kubwa ikafa.

"Hizo zimetoka wapi?" aliuliza.

"Saa tatu, Fundi. Zipo tangu zamu ya pili."

Aligeuza kichwa chote, mpaka kidevu kikagusa bega, ndipo akaziona. "Haya," alisema. "Umeanza kukua."

Ningependa kuandika kwamba nilishtuka. Nilifurahi. Kesho yake niliwasimulia walimu wenzangu, ambao hawakuelewa ninaongea nini. Jumapili iliyofuata nilijaribu tena kupita upande wa saa tatu, nikashinda tena. Jumapili ya tatu nilifanya jambo ambalo sikumweleza mtu kwa miaka mingi: niliweka kikombe changu cha chai upande wake wa kushoto, karibu na ukingo wa meza, nikamwambia, "Fundi, chai hiyo." Alitazama mbele, akatazama kulia, akasema, "Chai gani?" Kisha akaikuta kwa mkono.

Basi nilijua. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Na bado Jumapili ya nne nilipeleka meli zangu upande ule ule.

Nilikuwa na sababu zangu, na wakati ule zilionekana nzuri. Alikuwa mtu mzima, mwenye nyumba, mwenye siri zake. Mpangaji hamwambii mwenye nyumba kwamba haoni. Labda ni uchovu wa masika, sare zilikuwa nyingi. Labda anajua na anatumia dawa. Lakini chini ya sababu hizo ilikuwepo moja ndogo. Kwa miaka miwili mtu yule alinipiga kila wiki, na sasa nilikuwa nashinda. Nilishinda Jumapili saba mfululizo. Katika hizo saba niliona bega lake likigonga fremu ya mlango, nikaona akimwaga maji ya kuku nje ya chombo, nikaona pindo la sare ya mtoto limeshonwa vizuri nusu na nusu nyingine limeachwa na pini zake. Kila nilipoona kitu, nilisema nitamwambia Jumapili. Ikifika Jumapili, ametandika kitambaa.

Aliyelisema jambo hilo wazi alikuwa mteja. Mama mmoja alileta kitenge cha harusi ya mdogo wake, kipya, akakiacha kimekunjwa upande wa kushoto wa meza. Fundi alikuwa akikata suruali za shule. Mkasi ulipita kwenye khaki ukaendelea kwenye kitenge, kutoka ukingo mpaka katikati. Nilikuwa uani nikasikia mkasi ukisimama, halafu sauti ya yule mama, ambayo haikuwa ya ukali.

"Fundi, unakata kitenge changu."

Nilipoingia, Fundi alikuwa bado ameshika mkasi. Alikuwa anageuza kichwa polepole, kama mtu anayetafuta aliyemwita.

"Fundi," mama yule aliuliza, "huoni?"

"Naona," alisema. "Nakuona wewe vizuri sana."

Hilo lilikuwa kweli. Alimwona yule mama kwa sababu alisimama mbele yake. Aliona tundu la sindano. Aliweza kupitisha uzi bila kukosea. Ndiyo maana watu hawakumwamini, na ndiyo maana na yeye hakutaka kujiamini.

Tulikwenda naye kwa treni, yeye na mimi, mpaka kwenye hospitali ya mbali yenye daktari wa macho. Nilimwombea ruhusa kwa kaka yake, nikajiombea mwenyewe shuleni. Njiani alikaa dirishani, na kila abiria aliyepita upande wa kushoto akamgusa alisema "samahani" kwa sauti ndogo, ingawa aliyegongwa ni yeye. Daktari alikuwa mtu mpole. Alimwangalia muda mrefu kwa taa yake, akampima kwa kidole, akikitoa pembeni na kukileta mbele taratibu, akimwambia aseme atakapokiona. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Fundi. Nilikiona kidole kikitoka mbali, kikaja, kikaja, na yeye kimya. Nilitaka kusema "sasa". Kilikuwa kimefika karibu na pua ndipo akasema, "Hicho."

Ilikuwa presha ya macho. Daktari alieleza kwamba inakula pembeni kwanza, bila maumivu, na inakwenda katikati. Jicho la kushoto lilikuwa limebaki kidogo sana, la kulia lilikuwa limeshaanza. Kilichokwenda hakirudi. Kuna matone ya kulinda kilichobaki, yatiwe kila siku maisha yote.

"Ningekuja lini ingefaa?" Fundi aliuliza.

"Mapema," alisema daktari. Alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. "Hata miezi kadhaa ingekuwa kitu."

Fundi hakunigeukia. Alikunja leso yake mara nne, akaikunjua, akaikunja tena.

Matone tuliyopewa yalikwisha. Mpanda hatukuyapata. Niliandika barua kwa mwenzangu wa chuo aliyekuwa Dodoma, akatuma chupa mbili, kisha naye akahama. Halafu ikaja ile mvua kubwa iliyokata reli, na kwa wiki nyingi hakikuingia wala kutoka kitu. Nilizunguka maduka yote ya dawa na karatasi ya daktari mkononi, nikijua watakavyojibu. Nilirudi nyumbani nikamkuta ameketi kwenye cherehani, hashoni, anazungusha gurudumu tu kwa mkono.

"Wamesema?"

"Wamesema wiki ijayo."

"Niambie Ijumaa," alisema. "Mimi nitaelewa."

Tulijaribu kuendelea na mchezo. Nilimpangia meli zake mbele, karibu na karibu, na nikawa naleta zangu kutoka saa sita tu, moja kwa moja, kama zamani. Alishinda mara mbili. Mara ya tatu aliweka kalamu chini.

"Usinichezee hivyo, Mwalimu," alisema. "Bora unipige."

Nikampiga. Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mwisho wa mwaka wangu wa nne nilihamishiwa shule nyingine, mbali na mjini. Tulipoagana alinishonea shati, na lilikuwa tayari siku aliyosema. Mshono wa bega la kushoto ulikuwa umepinda. Nilivaa hivyohivyo.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa nakwenda kuwasalimia wazazi, nimepanda lori la mizigo, na dereva aliposimama Sitalike kushusha unga na kutafuta chakula nilikumbuka kuwa binti yake Fundi ameolewa pale. Nilielekezwa nyumba. Alikuwa nje kwenye kigoda, kivulini mwa ukuta, anabangua karanga kwenye ungo. Alikuwa amepungua. Macho yalikuwa wazi na mazuri kama zamani.

"Mwadila, Mayu," nilisema, salamu yetu ya mchana.

Vidole vyake vikasimama. "Mwangaluka, Mwalimu," alijibu.

Binti aliniletea kigoda, akaniweka mbele ya mama yake, akaingia ndani kututengenezea uji. Tuliongea habari za Shanwe, za nyumba aliyoiuza, za kaka yake kule Usevya ambaye mpunga wake mwaka huo ulikuwa mzuri. Aliniuliza kama nimeoa. Kisha akasukuma ungo pembeni.

"Nikuulize kitu. Ulijua lini?"

Nilifikiria kusema siku ya kitenge. Alikuwa ananisubiri kwa utulivu ule wa mezani, baada ya kuandika amri na kabla ya kufunua.

"Jumapili ya tatu," nilisema. "Nilikuwekea chai."

"Ya tatu." Alitikisa kichwa. "Mimi nilijua kabla yako. Kabla hata ya masika. Niliona kama mtu ameshika pazia pembeni, analivuta kidogo kidogo. Niliogopa sana. Nikasema, Mwalimu ana macho makali, na kila Jumapili ananitazama saa tatu nzima. Kikiwa kitu kikubwa ataona, ataniambia. Nikangoja. Hukusema. Basi nikasema si kitu kikubwa."

Kuku mmoja alikuja akaanza kudonoa karanga kwenye ungo. Sikumfukuza.

"Nisamehe, Mayu."

"Nilishakusamehe," alisema. "Si hilo. Nilitaka tu kujua kama nilikuwa nangoja bure."

Alirudisha mkono kwenye ungo, akamgusa kuku, akamsukuma taratibu. Lori likapiga honi. Niliinuka, nikasogea mlangoni kumuaga binti yake na kuchukua mfuko wangu, na nilipogeuka nilimkuta Fundi anaongea. Alikuwa amenyoosha uso kwenye kigoda nilichokuwa nimekalia, anakiambia nikifika nimsalimie mama, nimwambie miguu ikimuuma asikande kwa maji ya moto sana, na kwamba nisikae muda mrefu bila kuoa, na kwamba barabara ya huko mbele ina matope nishike vizuri. Alikuwa anatabasamu. Binti yake alifungua mdomo amwambie. Nilimshika mkono anyamaze.

Nilitembea kwa ncha za vidole, nikarudi kwenye kigoda, nikakaa mbele yake. Honi ikalia mara ya pili.

"Unanisikia lakini?" aliuliza.

"Nakusikia, Mayu," nilisema. "Endelea."